Asali ya Tanzania mbele ya mashine inayotenganisha sukari pacha

Katika masoko mengi ya Tanzania, mnunuzi wa asali hujipimia mwenyewe kwa njiti ya kiberiti. Huichovya njiti ndani ya asali, huikwaruza, na ikiwaka anaridhika kwamba hakuuziwa maji ya sukari. Mwingine hudondosha tone katika glasi ya maji aone kama litazama bila kutawanyika. Mwingine humwaga kidogo chini na kungoja kama sisimizi watasogea.

Vipimo hivyo vina kasoro moja kubwa. Kinachopimwa hasa na kiberiti au glasi ya maji ni wingi wa maji yaliyomo katika asali, siyo asili ya sukari yake. Shira nzito ya sukari, iliyochemshwa hadi ikakauka vizuri, haitaizuia njiti kuwaka na itazama katika glasi kama asali. Kwa upande mwingine, asali halisi iliyovunwa kabla masega hayajafunikwa yote inaweza kuikatalia njiti na mfugaji akaitwa mwizi bure.

Wakati mjadala wa kiberiti ukiendelea sokoni, wanunuzi wakubwa wa nje wamekwisha kuhamia kwenye mashine zinazopima uzito wa molekuli moja moja. Mashine hizo, zinazoitwa spektrometa za tungamo, ndizo zinazoamua kama kontena la asali litapokelewa au litarudishwa. Kwa nchi yenye misitu ya miombo, mizinga mingi na wafugaji wengi wa kipato kidogo, kuelewa namna mashine hizo zinavyofanya kazi, na mahali zinapoweza kukosea, sasa ni sehemu ya biashara yenyewe.

Lebo mpya, jina la nchi hadharani

Umoja wa Ulaya huagiza karibu tani 175,000 za asali kwa mwaka kutoka nje. Kwa miaka mingi asali hiyo ilichanganywa na kuuzwa katika chupa zilizoandikwa tu kwamba ni mchanganyiko wa asali kutoka ndani na nje ya Umoja huo. Mlaji hakujua kama anakula asali ya China, Ukraine, Argentina au Afrika.

Mei 2024 Umoja huo ulipitisha agizo jipya namba 2024/1438, lililopangwa kuanza kutumika Juni 14, 2026. Kwa mujibu wa agizo hilo, lebo ya asali iliyochanganywa inapaswa kutaja kila nchi asali ilikotoka pamoja na asilimia yake, kuanzia yenye fungu kubwa. Nchi wanachama zimepewa nafasi ya kuruhusu zitajwe nchi nne tu zenye mafungu makubwa, endapo kwa pamoja zinazidi nusu ya mchanganyiko. Agizo hilo pia limeitaka Tume ya Ulaya iweke mbinu rasmi za kubaini asali iliyochakachuliwa.

Maana yake kwa muuzaji wa Tanzania ni mbili. Jina la nchi likionekana kwenye chupa, sifa njema ya asali ya misituni inaweza kuleta bei nzuri zaidi. Lakini jina hilo hilo likihusishwa na shehena moja iliyokutwa na sukari ya kiwandani, doa litawagusa hata wale ambao hawajawahi kununua kilo moja ya sukari kwa ajili ya mzinga.

Kilichoisukuma Ulaya hadi hapo ni uchunguzi uliofanywa mwaka 2021 na 2022 na matokeo yake kutangazwa Machi 2023. Kati ya sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, sampuli 147, sawa na asilimia 46, zilitiliwa shaka kwamba hazikukidhi matakwa ya sheria. Katika uchunguzi wa miaka ya 2015 hadi 2017 kiwango hicho kilikuwa asilimia 14. Sampuli zote 10 zilizotoka Uingereza zilitiliwa shaka, jambo lililoelezwa kuwa huenda lilitokana na asali ya nchi nyingine iliyochanganywa tena huko kabla ya kuuzwa Ulaya. Sampuli kutoka Uturuki zilitiliwa shaka kwa asilimia 93, na za China kwa asilimia 74.

Sababu ya udanganyifu huo si ngumu kuiona. Ripoti hiyo ilieleza kuwa mwaka 2021 wastani wa bei ya asali iliyoingia Ulaya ulikuwa yuro 2.17 kwa kilo, wakati shira ya mpunga iliuzwa kati ya senti 40 na 60 za yuro. Mtu anayejaza kontena la tani 20 kwa nusu asali na nusu shira ya senti 50 anajiongezea zaidi ya yuro 16,000 kwa safari moja. Mfugaji anayepanda mti usiku kwa moshi na kamba hawezi kushindana na hesabu hiyo.

Uzito mmoja, sukari nyingi

Ugumu wa kumnasa mdanganyifu unaanzia kwenye kemia ya asali yenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa asali ni sukari mbili: fruktosi na glukosi. Kila moja ina atomu sita za kaboni, kumi na mbili za haidrojeni na sita za oksijeni, na kila molekuli ina uzito wa 180 katika kipimo cha atomu. Galaktosi, manosi na psikosi nazo zina fomula hiyo hiyo na uzito huo huo.

Tofauti yao ni ya umbo. Ni kama nyumba zilizojengwa kwa matofali ya idadi moja, ila moja ina mlango mbele na nyingine ubavuni. Glukosi ina kundi lake muhimu la oksijeni kwenye kaboni ya kwanza, fruktosi kwenye kaboni ya pili. Kati ya glukosi na galaktosi tofauti ni ndogo zaidi, kwani kundi moja tu la oksijeni na haidrojeni limegeukia upande mwingine. Ulimi huijua tofauti hiyo, kwa kuwa fruktosi ni tamu zaidi. Mzani hauijui.

Spektrometa ya tungamo ni mzani. Ilianza kujulikana kupitia kazi ya Mwingereza Francis Aston, aliyetengeneza chombo chake mwaka 1919 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1922. Molekuli hupewa chaji ya umeme, hurushwa ndani ya uwanja wa umeme au sumaku, na nyepesi hupinda zaidi kuliko nzito. Kwa mpindo huo uzito hujulikana kwa usahihi mkubwa.

Lakini molekuli mbili zenye uzito sawa zikirushwa pamoja, mashine hutoa jibu moja. Ni sawa na mizani ya malori barabarani. Lori la mahindi na lori la mpunga yakiwa na tani 30 kila moja, mizani itasoma tani 30 mara mbili na haitasema kilichomo chini ya turubali.

Ndiyo maana maabara hazitegemei mzani peke yake. Njia ya kwanza ni kuzitenganisha sukari kabla hazijafika kwenye mashine. Asali iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya bomba jembamba lililojazwa chembechembe maalumu. Sukari inayozishika chembe hizo kwa nguvu huchelewa, isiyoshika hutoka mapema, na hivyo pacha hufika kwenye mzani kila mmoja kwa wakati wake.

Njia ya pili ni kuivunja molekuli na kupima vipande. Sukrosi, ambayo ni sukari ya mezani, na maltosi inayotokana na wanga, zote zina uzito wa 342. Ya kwanza imeungwa kwa glukosi na fruktosi, ya pili kwa glukosi mbili. Zikigongwa kwa nguvu ya kutosha hazivunjiki kwa namna moja, na wingi wa kila kipande huwa kama alama ya kidole.

Njia ya tatu, ambayo imezidi kutumika katika miaka ya karibuni, ni kuzisukuma ioni za sukari ndani ya gesi. Ioni iliyojikunja hupita upesi, iliyotanuka hukwaruzana na gesi na kuchelewa. Hapo umbo lenyewe ndilo linalopimwa, hata kama uzito ni ule ule.

Muwa na mti wa miombo

Pamoja na ujanja huo wote, kuna swali ambalo kutenganisha fruktosi na glukosi hakulijibu. Fruktosi ya muwa ni fruktosi, na fruktosi ya ua la mti ni fruktosi. Umbo ni moja kabisa. Tangu viwanda vya Marekani vilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kutumia kimeng'enya kugeuza glukosi ya mahindi kuwa fruktosi, ilipatikana shira yenye mchanganyiko wa sukari karibu sawa na ule wa asali. Wapimaji walibaki mikono mitupu.

Jibu lilitoka shambani. Mwaka 1966 Marshall Hatch na Roger Slack, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya sukari huko Brisbane, Australia, walieleza kuwa muwa hukamata hewa ya kaboni kwa njia tofauti na mimea mingi. Mimea ya kundi hilo hujulikana kama C4, na ndani yake wamo mahindi, mtama, uwele na nyasi nyingi za maeneo ya joto. Mpunga, ngano, muhogo, maharage na karibu miti yote ni ya kundi la C3.

Kaboni ya hewani nayo ni ya aina mbili zinazodumu. Karibu asilimia 98.9 ni kaboni 12 na karibu asilimia 1.1 ni kaboni 13 iliyo nzito kidogo. Mmea wa C3 huichagua ile nyepesi na kuibagua nzito. Mmea wa C4 haubagui sana. Kwa hiyo sukari ya muwa ina kaboni nzito nyingi kidogo kuliko sukari ya ua la mti, ingawa kwa umbo ni kitu kimoja.

Mashine inayofanya hesabu hiyo huichoma sampuli ya asali hadi kuwa hewa ya kaboni dioksidi. Yenye kaboni 12 ina uzito wa 44, yenye kaboni 13 ina uzito wa 45. Uwiano kati yao hulinganishwa na kipimo cha kimataifa kilichotokana na kisukuku cha kiumbe wa baharini kutoka South Carolina, Marekani, na jibu huandikwa kwa sehemu kwa elfu. Asali ya kawaida husoma karibu na 25 chini ya sifuri. Sukari ya muwa na ya mahindi husoma karibu na 10 hadi 12 chini ya sifuri.

Mwaka 1977 Landis Doner na Jonathan White, wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba uwiano huo hautofautiani sana kati ya asali na asali, na hivyo unaweza kutumika kumnasa mchakachuaji. Baadaye White na wenzake waliboresha kipimo kwa kutumia protini iliyomo ndani ya asali yenyewe kama shahidi. Protini hiyo hutokana na nyuki na chavua, na mtu anayemimina sukari haiongezi. Ikiwa sukari na protini vinasoma tofauti kwa zaidi ya sehemu moja kwa elfu, sukari ya C4 imeongezwa.

Mfano utaonyesha nguvu ya hesabu hiyo. Tuseme protini inasoma 25 chini ya sifuri na asali yote inasoma 22 chini ya sifuri. Tofauti ni 3. Umbali kutoka kwenye protini hadi kwenye shira ya mahindi, inayohesabiwa kuwa 9.7 chini ya sifuri, ni 15.3. Gawanya 3 kwa 15.3 na utapata karibu asilimia 20. Katika pipa la kilo 300, karibu kilo 60 hazikutoka kwa nyuki.

Kwa Tanzania habari hii ina upande mzuri. Asali ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida hutoka kwa sehemu kubwa kwenye maua ya miti ya miombo, ambayo ni ya kundi la C3. Sukari iliyo karibu na mkono wa mdanganyifu wa ndani ni ile ya dukani, ambayo viwanda vya nchini huitengeneza kwa miwa. Hivyo mtu anayechemsha sukari ya dukani na kuichanganya na asali anaacha alama ambayo kipimo cha zamani zaidi kinaisoma bila taabu. Udanganyifu unaopita kwa kiberiti na kwa glasi ya maji haupiti hapo.

Hata hivyo kipimo kina mpaka. Tofauti ya sehemu moja kwa elfu ni sawa na takriban asilimia 7 ya sukari iliyoongezwa. Anayeongeza chini ya hapo anaweza kupenya. Katika kontena la tani 20, asilimia 7 ni tani 1.4.

Wadanganyifu wahamia kwenye mpunga

Wafanyabiashara wakubwa wa shira nao husoma majarida ya sayansi. Walipojua kwamba mahindi na muwa vinawasaliti, walihamia kwenye mpunga, ngano na viazisukari vya Ulaya, yote mimea ya C3. Ripoti ya Ulaya ya mwaka 2023 ilieleza kuwa shira za aina hiyo ndizo zilizotawala, na zile za muwa na mahindi zimeachwa. Kwenye mashine ya kaboni, shira ya mpunga na asali ya ua husoma karibu sawa.

Hapo ndipo utaalamu wa kutenganisha pacha unaporudi. Mnamo 2006 hadi 2008 watafiti wa Hispania na Ujerumani walichapisha njia ya kupima kaboni nzito ya kila sukari peke yake, yaani fruktosi mbali na glukosi mbali. Katika asali halisi tofauti kati ya hizo mbili haitakiwi kuzidi sehemu moja kwa elfu, kwa kuwa zote zimetoka kwenye maji matamu ya maua yale yale. Mdanganyifu anayechanganya shira kutoka vyanzo mbalimbali huvuruga ulinganifu huo.

Maabara pia hutafuta vitu ambavyo nyuki hana sababu ya kuwa navyo. Wanga unapovunjwa kiwandani huacha minyororo mirefu ya glukosi. Shira ya mpunga ina molekuli yake ya pekee, ambayo watafiti wa China waliitambua kuwa alama mwaka 2013. Psikosi, pacha mwingine wa fruktosi, nayo hutazamwa. Hakuna hata alama moja kati ya hizo inayotosha kwa kila aina ya udanganyifu, ndiyo maana sampuli moja hupitishwa kwenye mashine kadhaa.

Mbio hizo hazijaisha. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji nyuki, Apimondia, lilitangaza kuwa katika mkutano wake wa mwaka 2025 mjini Copenhagen halitatoa tuzo za asali, kwa sababu upimaji wa kutosha wa kuthibitisha uhalisi wake usingewezekana. Ikiwa waandaaji wa mashindano ya dunia wamefika hapo, mnunuzi wa kawaida hana cha kujivunia.

Nyuki wadogo na sukari iliyofichika

Hatari nyingine haizungumzwi sana, nayo ni ya asali halisi kuhukumiwa kimakosa. Mfano mzuri unatoka kwa nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao hutafutwa Tanzania kwa chakula na kwa dawa za asili na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko ya nyuki wakubwa.

Kwa miaka mingi maabara zilizopima asali ya nyuki wa aina hiyo ziliandika kwamba ina maltosi nyingi. Kwa mpimaji wa Ulaya, maltosi nyingi ni dalili ya shira ya wanga. Julai 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzao walitangaza kwamba sukari hiyo haikuwa maltosi. Ilikuwa trehalulosi, pacha wake mwenye uzito ule ule wa 342, aliyeungwa kwa glukosi na fruktosi kwa namna ambayo si ya sukrosi. Katika bomba la kutenganishia, pacha hao walikuwa wakitoka karibu wakati mmoja, na maabara zikawapa jina moja.

Waliichunguza asali ya spishi tano za Malaysia, Australia na Brazil na kukuta trehalulosi kati ya gramu 13 na 44 kwa kila gramu 100. Sukari hiyo huyeyushwa polepole mwilini kuliko sukari ya mezani, sifa ambayo inaweza kuuzwa. Lakini sheria ya Ulaya na ile ya kimataifa ya Codex zinataka asali ya maua iwe na angalau gramu 60 za fruktosi na glukosi kwa kila gramu 100, na maji yasiyozidi asilimia 20. Asali yenye trehalulosi nyingi, ambayo kwa kawaida huwa na maji zaidi, haiwezi kufikia kipimo hicho hata ikitoka moja kwa moja kwenye gogo.

Malaysia ililiona tatizo hilo mapema na mwaka 2017 ikaweka kiwango chake cha kitaifa kwa ajili ya asali ya nyuki wasiouma. Utafiti wa Queensland haukuhusisha spishi za Afrika Mashariki. Hiyo ni sababu ya asali ya nyuki wadogo wa Tanzania kupimwa kwa jina lake, badala ya kusubiri ipimwe ugenini kwa kanuni za nyuki wengine.

Funzo hilo linagusa hata asali ya nyuki wakubwa. Baadhi ya mbinu mpya hulinganisha asali inayopimwa na benki ya sampuli halisi zilizokusanywa awali. Mashine ikiwa na maelfu ya sampuli za Ulaya na Asia na chache za miombo, asali ya miombo itaonekana ngeni. Na ugeni, katika karatasi ya maabara, huandikwa kuwa shaka. Ndiyo maana hata ripoti ya mwaka 2023 ilitumia neno hilo la shaka, siyo hatia.

Kazi iliyobaki nyumbani

Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) zimekuwa zikiiweka Tanzania katika nafasi ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali baada ya Ethiopia, kwa makadirio ya tani zaidi ya 30,000 kwa mwaka. Serikali imekuwa ikieleza kwamba uwezo wa misitu ni tani 138,000. Nchi ina Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, Sheria ya Ufugaji Nyuki Namba 15 ya mwaka 2002, Wakala wa Huduma za Misitu na chuo cha ufugaji nyuki Tabora. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Msingi upo.

Kinachohitajika kwanza ni benki ya sampuli. Asali inayochukuliwa na wataalamu kutoka kwenye mzinga wenyewe, ikaandikwa wilaya, msimu na miti iliyokuwa ikichanua, ndiyo itakayokuwa shahidi siku shehena itakapotiliwa shaka. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama kubwa kuanza. Inahitaji chupa safi, jokofu, daftari na nidhamu. Vipimo vyenyewe vinaweza kufanywa kwa ushirikiano na maabara zenye mashine, kisha takwimu zikabaki mali ya nchi na kuwasilishwa kwa wanaoandaa mbinu rasmi za Ulaya kabla hazijafungwa.

Pili ni kumbukumbu za ghala. Pipa moja la asali mara nyingi hukusanya mavuno ya wafugaji wengi. Ndoo moja iliyotiwa sukari ya dukani ikimiminwa humo, kilo 300 zote hupoteza sifa. Chama cha ushirika kinachoandika namba ya kila ndoo na kuhifadhi chupa ndogo ya sampuli kabla ya kuchanganya kinaweza kumtambua mkosaji na kuwanusuru wengine. Chama kisichoandika kinabaki kulipa hasara kwa pamoja.

Tatu ni mambo ambayo mfugaji anayaweza mwenyewe. Asali ivunwe masega yakiwa yamefunikwa kwa nta, ili maji yasizidi kiwango. Isichemshwe juu ya moto ili ichujike haraka, kwa sababu joto huongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo sheria ya Ulaya inaiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali inayothibitishwa kuwa ya nchi za joto. Anayelazimika kuwalisha nyuki maji ya sukari wakati wa ukame aache kufanya hivyo mapema kabla ya msimu wa maua, la sivyo sukari hiyo itahifadhiwa kwenye masega na kusomwa na mashine kama uchakachuaji, hata kama hakukusudia kumdanganya mtu.

Mnunuzi wa ndani naye ana la kujifunza. Asali inayoganda haijatiwa sukari kwa sababu tu imeganda. Kinachoganda ni glukosi ya asali yenyewe, na asali zenye glukosi nyingi huganda mapema kuliko zenye fruktosi nyingi. Wauzaji wengi huiyeyusha asali ya namna hiyo kwa moto mkali ili kuwaridhisha wateja, na hivyo kuiharibu asali iliyokuwa nzuri.

Mashine za Ulaya zitaendelea kuboreshwa, na wachakachuaji wataendelea kutafuta upenyo. Katika mashindano hayo mfugaji wa miombo ana faida ambayo mwenye kiwanda cha shira hana: asali yake haina cha kuficha. Lakini faida hiyo haitaonekana kwa kusemwa tu kwenye maonyesho ya Nane Nane. Itaonekana pale ambapo asali ya Sikonge au Mlele itafika maabara ikiwa na namba ya pipa, jina la msitu na sampuli ya kulinganishwa nayo, na mpimaji akakuta vyote vinakubaliana.